Uwanja Mmoja, Mabwana Wawili: Ndege za Abiria Zinapokaa na Kambi ya Jeshi

Matini ya mhadhara kwa wakazi wa Osiri na maeneo jirani ya Kaunti za Migori na Homa Bay



Mada ya leo ni viwanja vya ndege, hasa vile ambavyo ndege za abiria na ndege za jeshi hutumia njia moja ya kurukia. Huenda mtu akauliza mada hiyo inahusu nini mahali kama Osiri, ambapo sauti inayosikika zaidi ni ya mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Jibu ni kwamba inahusu ardhi, na inahusu usalama, na hayo mawili hayana mkazi asiyeyajali.

Kaunti ya Migori ina kiwanja cha ndege cha Lichota. Kaunti ya Homa Bay ina kiwanja cha Kabunde. Ni viwanja vidogo, na watu wengi wangependa vikue ili mgonjwa, mfanyabiashara au mtoto wa nyumbani anayefanya kazi mbali asilazimike kupitia Kisumu kila mara. Wakati huo huo, wavuvi wa Muhuru na wa visiwani wamekuwa wakiomba ulinzi ziwani. Kisiwa cha Migingo, ambacho Kenya na Uganda zimekizozania kwa miaka mingi, kinawakumbusha kila wanapotia mashua majini kwamba mpaka uko karibu. Upande wa kusini kuna mpaka mwingine, wa Tanzania, pale Isebania.

Ombi la ndege ni halali, na ombi la ulinzi ni halali. Lakini katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki maombi haya mawili yamekutana kwenye kipande kimoja cha ardhi. Mhadhara huu hautangazi mradi wowote na haupingi mradi wowote. Unaeleza yaliyotokea kwingine, ili siku swali kama hilo likifika kwenye baraza, mwananchi awe anajua cha kuuliza.

Kwa nini raia na jeshi hukaa pamoja

Sababu ya kwanza ni gharama. Uwanja wa ndege si lami peke yake. Una mnara wa kuongozea ndege, taa za usiku, matangi ya mafuta, magari ya zimamoto, vifaa vya hali ya hewa na ua wa kuzunguka eneo lote. Serikali ikijenga vitu hivyo mara moja na vikatumiwa na pande mbili, fedha za umma huokolewa.

Sababu ya pili ni mahali. Ardhi tambarare, iliyo kavu, isiyo na vilima karibu, haipatikani kila mahali. Pale rubani wa abiria anapopapenda, kamanda wa jeshi pia hupapenda.

Sababu ya tatu ni ulinzi. Mji ulio mbali na wenye hatari hupata ndege kwa urahisi zaidi ikiwa uwanja wake una askari.

Pamoja na hayo, pande hizi mbili hazifuati sheria moja. Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa ndege duniani, unasimamia ndege za kiraia tu. Ndege za jeshi, za forodha na za polisi huhesabiwa kuwa ndege za dola na ziko nje yake. Kwa hiyo kwenye njia moja ya lami kunaweza kuwa na ndege mbili zilizosimama moja nyuma ya nyingine, ya mbele ikifuata kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini, KCAA, na ya nyuma ikifuata amri ya jeshi. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Kwa viwanja vya ndege wanaweza kukaa, lakini zizi linahitaji kizuizi katikati, na kizuizi hicho ni makubaliano yaliyoandikwa.

Wajir: abiria, misaada na jeshi

Mfano wa wazi zaidi nchini Kenya ni Wajir. Uwanja wa ndege wa Wajir uko mahali pamoja na kambi ya Jeshi la Wanahewa. Ndege ya abiria kutoka Nairobi, ndege ya mashirika ya misaada na ndege ya jeshi zote hugusa lami moja.

Kwa mji ulio mbali na jiji kuu kama Wajir, faida ya mpango huo inaonekana. Njia ya kurukia ndege ni ndefu na imara kuliko ile ambayo mji wa ukubwa wake ungejengewa kwa ajili ya abiria peke yao. Wakati wa ukame, chakula na dawa vinaweza kuja kwa ndege kubwa.

Lakini mpango huo una upande wa pili. Kwa miaka mingi, ndege zilizotoka Somalia kwenda Nairobi zilitakiwa kutua Wajir kwanza ili abiria na mizigo wakaguliwe. Mwezi Mei 2019 agizo hilo lilirudishwa kwa ndege kutoka Mogadishu, na mwezi Novemba mwaka huo, baada ya viongozi wa Kenya na Somalia kukutana, ikatangazwa kwamba safari za moja kwa moja zingerejea. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama, na eneo lile limepata mashambulizi ya kutosha kuifanya sababu hiyo isiwe ya kubeza. Cha kuzingatia ni kwamba agizo lilitoka Nairobi, likaondolewa kwa mazungumzo ya marais, na watu wa Wajir waliupokea uamuzi kama walivyoupokea abiria. Uwanja ulio na jeshi ndani yake huwa chombo cha sera ya taifa zima. Mji unaouzunguka hunufaika nao, lakini hauuamrishi.

Kuna miji ambayo ilichukua njia nyingine. Nanyuki ina kambi kubwa ya Jeshi la Wanahewa, yaani Laikipia, na ina kiwanja cha raia kilicho mbali na kambi hiyo. Watalii hutua upande mmoja, ndege za kivita hutua upande mwingine. Lamu nako, uwanja wa abiria uko katika Kisiwa cha Manda, na kiwanja cha kijeshi cha Manda Bay kiko bara, ingawa majina hayo mawili huwachanganya watu. Al-Shabaab walipokishambulia kiwanja cha Manda Bay tarehe 5 Januari 2020, wakaua Wamarekani watatu na kuharibu ndege, shabaha yao ilikuwa kambi ya kijeshi, na kambi hiyo haikuwa mlango mmoja na uwanja wa watalii na wenyeji wa Lamu.

Eastleigh na Embakasi: somo la Nairobi

Wakazi wengi wanaijua Eastleigh kwa biashara ya nguo. Wachache wanajua kwamba kabla ya 1958 uwanja wa Eastleigh ndio uliokuwa uwanja mkuu wa Nairobi kwa ndege za abiria, na papo hapo ulikuwa kambi ya jeshi la anga la Uingereza. Msafiri aliyekwenda London na mwanajeshi aliyekwenda vitani walipita mahali pamoja.

Hali hiyo ilionekana waziwazi wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa 1952. Ndege za kivita za Waingereza ziliruka kutoka Eastleigh kwenda kutupa mabomu katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau, huku abiria wakiendelea kusafiri kutoka uwanja huo huo. Uwanja ukawa hautoshi pande zote mbili. Serikali ya kikoloni ikajenga mwingine Embakasi, ukafunguliwa 1958, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ngumu ilifanywa na wafungwa wa Mau Mau waliokuwa kizuizini. Kuzitenganisha pande mbili kulikuwa na gharama, na gharama hiyo ilibebwa na watu ambao hawakuulizwa.

Baada ya uhuru, Jeshi la Wanahewa la Kenya lilianzishwa tarehe 1 Juni 1964, na Eastleigh ikabaki mikononi mwa jeshi. Embakasi ilikua, ikapewa jina la Jomo Kenyatta 1978, na majengo yake ya zamani upande wa kaskazini yakatumiwa na jeshi. Kwa maneno mengine, hata uwanja mkubwa kuliko yote nchini haukuachana kabisa na ujirani huo.

Leo kambi ya Eastleigh imezungukwa na jiji. Watu walijenga kuikaribia mwaka baada ya mwaka, mpaka maghorofa yakafika kwenye ua. Kosa hilo halikufanywa siku moja. Kila kiwanja kilipimwa kivyake, kila nyumba ikaidhinishwa au ikajengwa bila idhini, na hakuna aliyeangalia ramani nzima. Mwaka 2011, mwezi Novemba, nyumba nyingi zilibomolewa Syokimau, karibu na uwanja wa Jomo Kenyatta, katika mgogoro juu ya ardhi ambayo Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, KAA, ilisema ni yake. Wengi wa wenye nyumba walikuwa na karatasi mkononi na waliamini wamenunua kihalali. Familia zilitazama matingatinga yakiangusha jasho la miaka mingi. Hilo ndilo somo la kwanza kwa Lichota na Kabunde: mpaka wa uwanja wa ndege ujulikane na kuwekewa alama kabla mji haujaufikia.

Entebbe na Mwanza: ng'ambo ya ziwa

Si lazima kwenda mbali kuona hatari ya ujirani huu wakati wa vita. Majirani wa ziwa hili hili wameiona.

Entebbe ni uwanja wa kimataifa wa Uganda, na pia una kambi ya jeshi la anga. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya shirika la Air France ilitekwa nyara na kupelekwa Entebbe, na mateka wakawekwa katika jengo la zamani la abiria. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israeli walitua hapo, wakawaokoa mateka wengi, na kabla ya kuondoka wakaharibu ndege za kivita za Uganda zilizokuwa zimeegeshwa uwanjani. Waliofanya hivyo walikuwa na hesabu yao: ndege hizo zingeweza kuwafuata. Kwa mwananchi, jambo la kukumbuka ni kwamba jengo la abiria na ndege za kivita vilikuwa katika eneo moja, na moto wa bunduki haukuuliza mpaka uko wapi. Ndege za Israeli zilipitia Nairobi kutia mafuta, na Wakenya waliokuwa Uganda wakalipiziwa kisasi na utawala wa Idi Amin. Wazee wa Nyanza hawajasahau.

Mwaka 1978 vita vya Uganda na Tanzania vilipoanza, Mwanza ikawa kituo muhimu cha ndege za jeshi la Tanzania. Katika vita hivyo ndege tatu za Tanzania zilidunguliwa kwa makosa na askari wa nchi hiyo hiyo eneo la Musoma, mji ambao mtu wa Isebania huufikia kwa matatu. Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilitumwa kuishambulia Mwanza. Mabomu yalikosa shabaha yakaanguka katika hifadhi ya wanyama karibu na mji. Ingekuwa mtaa wa watu, hadithi ingekuwa nyingine.

Sheria za kimataifa za vita zinakubali kwamba uwanja unaotumiwa na jeshi unaweza kuwa shabaha halali. Ndiyo maana Itifaki ya Kwanza ya 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, inazitaka serikali ziepuke, kadiri iwezekanavyo, kuweka vituo vya kijeshi ndani au karibu na maeneo yenye watu wengi. Kenya na majirani zake wa ziwani wana amani leo, na amani hiyo ni ya kushukuru. Lakini lami hudumu kuliko serikali, na mipango ya ardhi hufanywa kwa ajili ya wajukuu.

Djibouti: makubaliano yanaweza kurekebishwa

Mfano mwingine ni Djibouti. Uwanja wa kimataifa wa Ambouli una njia moja ya kurukia, na njia hiyo hutumiwa na ndege za abiria, jeshi la Ufaransa na kambi ya Marekani iitwayo Camp Lemonnier. Marekani ilipoanza kurusha droni nyingi kutoka hapo, ajali zilitokea. Mwaka 2011 droni moja ilianguka katika eneo la makazi. Mwaka 2013 droni hizo zikahamishiwa kiwanja kingine, Chabelley, nje ya mji. Mwaka 2014 mkataba wa kodi ulipofanywa upya, kiasi kilichotangazwa kilikuwa dola milioni 63 kwa mwaka.

Djibouti ni nchi ndogo, lakini ilionyesha mambo mawili. Kwanza, shughuli yenye hatari inaweza kuhamishwa bila kuufunga uwanja mzima. Pili, anayetumia ardhi ya mwingine hulipa, na kiasi anacholipa hutajwa hadharani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mambo ya kila siku ambayo mkazi huyaona

Vita ni jambo la nadra. Yanayomgusa jirani wa uwanja kila siku ni madogo zaidi, na mengi yanahusu kiwanja chochote, kiwe cha raia peke yao au cha pamoja.

La kwanza ni kimo cha majengo na miti. Ndege inayotua hushuka polepole kwa mteremko mrefu, na chini ya mteremko huo hakutakiwi kitu kinachochomoza. Kwa uwanja mkubwa unaotumia vifaa vya kuongozea ndege kutua, kipimo cha kawaida ni mita 2 za kimo kwa kila mita 100 kutoka karibu na mwisho wa njia. Maana yake, mita 500 mbele, kimo kinachoruhusiwa ni kama mita 10. Mita 1,000 mbele ni kama mita 20. Mikaratusi ambayo watu wengi hupanda kwa ajili ya mbao na nguzo huweza kupita mita 20 kwa urahisi, na mnara wa simu huipita mikaratusi. Kwa sababu hiyo sheria inaitaka KCAA iidhinishe majengo na minara karibu na viwanja. Mkazi anayetaka kujenga ghorofa au kukodisha shamba lake kwa kampuni ya simu aulize kwanza, asingoje notisi ya kubomoa.

La pili ni ndege wa porini. Jalala la taka, machinjio na mahali pa kuanika omena huvuta korongo, mwewe na kunguru. Ndege mmoja mkubwa akiingia kwenye injini anaweza kuiua. Kwa kaunti zilizo kando ya ziwa, mahali pa kuweka jalala ni suala la usalama wa anga pia.

La tatu ni mifugo na vijia. Viwanja vingi vidogo vimekuwa malisho, na watoto huvikatiza kwenda shule. Uwanja ukikua, ua hujengwa na kijia hufungwa. Jeshi likiwapo, jambo huwa zito zaidi, kwa sababu Kenya ina sheria ya maeneo yaliyolindwa, na kuingia katika eneo kama hilo bila ruhusa ni kosa. Mchungaji anayemfuata ng'ombe wake anaweza kujikuta akihojiwa na askari. Hata kupiga picha kunaweza kumletea mtu matatizo.

La nne ni droni. Vijana wengi siku hizi hupata riziki kwa kupiga picha za harusi na mazishi kutoka angani. Kanuni za 2020 za ndege zisizo na rubani zinataka usajili na vibali, na kurusha droni karibu na uwanja wa ndege bila kibali ni hatari kwa maisha ya watu na ni kuvunja sheria.

La tano ni lami yenyewe. Ndege ya abiria ya aina ya Dash 8-400, ambayo wasafiri wa Kisumu wanaijua, ikijaa huwa na uzito wa karibu tani 30. Ndege ya mizigo ya C-130, inayotumiwa na majeshi mengi duniani, ikijaa hufikia tani 70 hivi. Lami iliyojengwa kwa ajili ya ya kwanza haiwezi kuibeba ya pili kwa miaka mingi bila kupasuka. Kwa hiyo swali la nani anatengeneza njia ikiharibika si dogo.

La sita ni ratiba. Jeshi likiwa na mazoezi au operesheni, ndege ya abiria husubiri. Mfanyabiashara anaweza kusubiri saa mbili. Mama mjamzito anayetokwa na damu, anayengojea ndege ya wagonjwa, hawezi. Makubaliano mazuri hutaja tangu mwanzo kwamba ndege ya wagonjwa hupewa nafasi ya kwanza.

Sheria ya Kenya inasema nini

Ni vyema kuelewa mipaka ya serikali ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka ulinzi wa taifa na usafiri wa ndege za kiraia chini ya serikali ya kitaifa. Gavana hawezi kuanzisha kambi ya jeshi wala kuikataza.

Lakini jedwali hilo hilo linaipa kaunti kazi ya mipango na maendeleo yake, ikiwemo upimaji na ramani za ardhi, mipaka na nyumba. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10. Hapo ndipo mwananchi ana sauti kubwa. Mpango huo ndio unaoweza kusema ardhi iliyo mbele ya njia ya ndege iwe ya kilimo, si ya maghorofa, na jalala lisiwe pale.

Ardhi ya mtu ikitakiwa kwa ajili ya umma, Kifungu cha 40 cha Katiba kinataka alipwe fidia ya haki, kamili na bila kuchelewa. Kifungu hicho pia kinaruhusu fidia kwa waliokaa kwenye ardhi kwa nia njema ingawa hawana hatimiliki. Tume ya Kitaifa ya Ardhi hutoa notisi katika gazeti rasmi la serikali, kisha huitisha kikao cha kusikiliza madai. Dai la maandishi lifike kabla ya siku ya kikao kupita.

Hapa pana jambo la nyumbani. Mashamba mengi katika eneo hili bado yana hatimiliki yenye jina la babu aliyefariki zamani. Watoto wamegawana kwa mdomo, kila mmoja anajua mpaka wake, lakini ofisi ya ardhi haijui. Siku ya fidia, fedha hukwama au huenda kwa ndugu mmoja, na wengine hubaki na kesi. Familia isingoje mradi. Kesi ya urithi ifanywe sasa wazee wanaojua mipaka wakiwa hai. Na kwa kuwa watu wa hapa huzika nyumbani, makaburi ya wazee yaandikwe katika madai. Boma lenye makaburi ya vizazi vitatu haliwezi kuhesabiwa kwa ekari peke yake.

Mradi mkubwa pia huhitaji tathmini ya athari kwa mazingira chini ya NEMA, na wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni. Kelele ni sehemu ya athari hizo. Shule na hospitali zilizo karibu zitajwe kwa majina.

Na kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Mwananchi anaweza kuandika barua kuomba habari kwa ofisi ya umma, na ofisi hiyo inapaswa kumjibu ndani ya siku 21. Habari za usalama wa taifa zinaweza kuzuiwa, na hilo lina sababu zake. Hakuna anayehitaji kujua kuna silaha gani ghalani. Lakini mpaka wa ardhi, kiwango cha fidia, saa za ndege za abiria na ofisi ya kupeleka malalamiko si siri za kivita.

Maswali ya kwenda nayo barazani

Ikiwa siku moja chifu au mwakilishi wa wadi ataitisha baraza kuhusu upanuzi wa kiwanja, au kuhusu raia na jeshi kutumia kiwanja kimoja, maswali haya yaulizwe kwa heshima, na majibu yaandikwe katika kumbukumbu za kikao:

1. Ardhi ya uwanja imesajiliwa kwa jina la nani, na vigingi vya mpaka viko wapi?

2. Kati ya KCAA, KAA na jeshi, nani anasimamia mnara, na nani ana kauli ya mwisho kuhusu kuufunga uwanja?

3. Ndege ya wagonjwa itapewa kipaumbele? Imeandikwa wapi?

4. Nani atatengeneza njia, taa na magari ya zimamoto?

5. Mafuta na silaha vitahifadhiwa umbali gani kutoka nyumba ya karibu, shule na soko?

6. Vijia na malisho yatakayofungwa yatapewa njia mbadala gani?

7. Mwananchi aliyedhurika, kwa kelele, ajali au kukamatwa, atalalamika katika ofisi ipi, na atajibiwa ndani ya siku ngapi?

8. Je, kuna ardhi nyingine ambapo jeshi linaweza kuwa na kiwanja chake, kama ilivyo Nanyuki?

Kuuliza maswali haya si kuwapinga askari. Wanajeshi wengi ni watoto wa maboma haya haya, na mvuvi anayeporwa nyavu usiku anajua thamani ya mlinzi. Kamanda mwenye nia njema atafurahia majibu yaliyoandikwa, kwa sababu yatamkinga naye dhidi ya migogoro ambayo hakuianzisha.

Wajir imepata njia ndefu ya ndege na imepoteza sehemu ya kauli juu yake. Nairobi ilitenganisha viwanja vyake kwa gharama kubwa, kisha ikaacha mji uvizunguke. Entebbe na Mwanza zilionja vita. Djibouti ilikaa mezani ikarekebisha mkataba wake. Lichota na Kabunde bado ni viwanja vidogo, ardhi inayovizunguka bado ina mashamba, na mipaka bado inaweza kupimwa bila tingatinga hata moja kuletwa. Kazi hiyo ni rahisi leo kuliko itakavyokuwa miaka 20 ijayo, na huanza na mkazi kwenda ofisi ya ardhi kuitazama ramani ya mahali anapoishi.